Habari za Afya Hupanda Upesi, Huvuka Polepole

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kuandaa taarifa ya wiki ya magonjwa ya mlipuko kwa wilaya za mpakani mkoani Kagera, na kuhakikisha inawafikia wanaoihitaji pande zote. Mkoa huu unapakana na Uganda, Rwanda na Burundi, na mashariki kuna Ziwa Victoria ambalo mvuvi hulivuka bila kuuliza ni maji ya nchi gani. Ninayoyaandika hapa ni kwa ajili ya wale wanaoingia kazi hii sasa, na kwa yeyote anayejiuliza kwa nini ugonjwa ulioonekana kijiji cha jirani unamfikia yeye kabla ya habari zake.

1. Habari hupanda upesi kuliko inavyovuka

Mgonjwa mwenye dalili za kutisha akifika zahanati ya kijiji cha mpakani, mganga mfawidhi hupiga simu kwa mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa wilaya. Wilaya huarifu mkoa, mkoa huarifu wizara. Jambo likiwa zito, wizara hulijulisha Shirika la Afya Duniani, na Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zinaitaka nchi ifanye hivyo ndani ya saa 24 tangu ilipofanya tathmini. Kutoka huko habari huanza kushuka: kwenye wizara ya nchi jirani, kwenye mkoa wao, kwenye wilaya yao, mpaka kwenye zahanati iliyo ng'ambo ya pili, ambayo mganga wa kwanza angeifikia kwa bodaboda kabla chai haijapoa. Kila ngazi inafanya wajibu wake. Hata hivyo siku zinapita, na mgonjwa au ndugu waliomuuguza wameshavuka.

Watu wa Kagera tunaijua gharama ya njia hiyo ndefu. Mwaka 1982, wavuvi na wachuuzi wa Kasensero, wilaya ya Rakai, Uganda, karibu na mahali Mto Kagera unapoingia ziwani, walianza kukonda na kufa kwa ugonjwa usioeleweka. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walitoka kwetu Kagera. Kule waliuita Slim, huku watu wakauita Juliana, kwa jina la vitambaa vya magendo vilivyokuwa vikiuzwa wakati ule. Ilikuwa biashara ileile, barabara ileile na mitumbwi ileile, lakini kila upande uliuguza wagonjwa wake kana kwamba maradhi ni yake peke yake. Makala ya kitabibu iliyoueleza ugonjwa wa Rakai ilichapishwa katika jarida la Lancet, London, Oktoba 1985. Nimekutana na wauguzi wastaafu waliofanya kazi Kagera miaka hiyo. Makala hiyo hawakuwahi kuiona, na hakuna mtu yeyote wa ng'ambo aliyewahi kuwaeleza anachokiona wodini kwake.

Nchi za Afrika Mashariki hazikulipuuza jambo hili. Mwaka 2000 zilianzisha mtandao wa pamoja wa ufuatiliaji wa magonjwa, EAIDSNet, kwa lengo hasa la kuzikutanisha wilaya zinazotazamana mpakani. Juni 2019 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliendesha zoezi kubwa Namanga, Kenya na Tanzania zikijifanya zinakabili mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa. Mazoezi ya namna hiyo yana faida kubwa, na ningependa yafanyike katika kila kituo cha mpaka. Lakini yakiisha, Jumatatu inafika, na mratibu wa Missenyi anatakiwa ajue kilichotokea wiki iliyopita katika wilaya za Uganda zinazomkabili. Kwa hiyo sharti la kwanza nililojifunza kulisimamia ni hili: taarifa ya wiki iende kwa wilaya jirani siku ileile inapokwenda mkoani, kwa ruhusa iliyoandikwa mapema na wakubwa wa pande zote, ili pasiwe na mtu wa kuombwa kibali usiku wa manane.

2. Sifuri nayo ni habari

Kituo kisipoleta taarifa ya kipindupindu, huwezi kujua kama hakuna mgonjwa, au mgonjwa yupo na muuguzi amezidiwa, au mtandao umekatika, au daftari la takwimu za kituo, la MTUHA, limejaa na jipya halijaletwa. Ndiyo maana vituo hutakiwa kuripoti hata pasipo na mgonjwa yeyote: sifuri iandikwe, nafasi isiachwe wazi. Katika taarifa tuliyoipeleka ng'ambo niliweka idadi ya vituo vilivyoripoti juu kabisa, kabla ya namba ya wagonjwa. Mganga wa upande wa pili akisoma kwamba hakuna kipindupindu lakini nusu ya vituo vya ziwani viko kimya, anajua ni wapi pa kupiga simu.

3. Kubalianeni mnahesabu nini kabla ya kulinganisha namba

Hili ndilo lililochukua vikao vingi kuliko yote, na sijutii hata kikao kimoja.

Tuchukue kipindupindu. Mahali ambapo mlipuko haujatangazwa, mshukiwa ni mtu wa miaka 2 au zaidi mwenye kuhara maji kwa ghafla na kuishiwa maji mwilini kwa kiwango kikubwa, au aliyekufa kwa kuhara huko. Mlipuko ukishatangazwa, kila anayehara maji kwa ghafla anahesabiwa. Sasa fikiria vijiji viwili vinavyotazamana, kimoja katika nchi iliyotangaza, kingine katika nchi ambayo bado haijatangaza. Maji wanayokunywa ni ya mto mmoja. Kwenye jedwali, kijiji cha kwanza kina wagonjwa wengi, cha pili karibu hakina. Mtu asiyejua maana ya safu zile ataamini kwamba ugonjwa umeishia mpakani, na mwenyekiti wa kijiji cha pili atawaambia watu wake waendelee na gulio.

Kisha kuna wanaoshukiwa na waliothibitishwa na maabara. Kuna nchi inayotoa jumla ya wote na nchi inayotoa waliothibitishwa tu. Kuna vifo vya hospitalini na vifo vya nyumbani, na hivi vya nyumbani husikika kwa mtendaji wa kijiji au shehe au padri aliyezika, baada ya siku nyingi. Wengine hupanga wagonjwa kwa tarehe waliyoanza kuumwa, wengine kwa tarehe waliyofika kituoni, na tofauti hiyo inatosha kuonyesha mlipuko unapungua wakati unapanda. Tukakubaliana kwamba chini ya kila jedwali ziwepo sentensi chache za Kiswahili cha kawaida zinazosema nani amehesabiwa, kuanzia lini hadi lini, na nani hakuhesabiwa. Upande wa Burundi ukaweka Kifaransa chake, sisi na Uganda Kiingereza, lakini zile sentensi za Kiswahili zilibaki kwa wote. Nimeona madaktari wakiruka jedwali na kuzisoma hizo kwanza.

4. Aliyetoa takwimu arudishiwe

Kwenye zahanati moja ya kando ya ziwa, muuguzi mmoja wa makamo alinisimamisha mlangoni akaniuliza, "Mwanangu, hizi namba tunazowatumia kila wiki mnazipeleka wapi?" Hakuuliza kwa ukali. Alikuwa amezituma miaka yote, kwanza kwenye karatasi za buluu zilizopelekwa na dereva wa gari la chanjo, baadaye kwa simu yake mwenyewe na vocha yake mwenyewe, na hakuna siku aliyopata jibu.

Sikuwa na jibu la heshima kumpa siku ile isipokuwa kumwahidi kwamba atapata. Kuanzia hapo niliweka ukurasa mmoja wa kurudi kwa vituo. Ukurasa huo haukuwa muhtasari wa mkoa. Ulikuwa na mambo matatu: kituo chako kilituma nini, majirani zako wa pande zote waliona nini, na kitu gani kimefanyika kwa sababu ya taarifa yako. Hili la tatu ndilo gumu, kwa sababu linamlazimu mkubwa afanye kitu ili kiwepo cha kuandikwa. Muuguzi akisoma kwamba dawa ya kutibu maji imepelekwa mwaloni, mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, kwa sababu yeye aliripoti wagonjwa wanne wa kuhara kutoka kambi moja, wiki inayofuata ataripoti hata yule aliyetaka kumwacha.

Naweza kusema bila kusita kwamba ubora wa takwimu za mpakani ulipanda zaidi kwa ukurasa ule kuliko kwa semina zote tulizofanya. Mifumo ya kielektroniki imeleta manufaa makubwa, na sasa wilaya huona data ya kituo siku hiyohiyo. Lakini mifumo mingi imejengwa kwa jicho la anayetazama kutoka juu. Picha na grafu nzuri hufunguka ofisini kwa mganga mkuu wa wilaya, na aliyeingiza namba anabaki na skrini inayomshukuru kwa kutuma. Anayebuni mfumo wa afya wa kanda hii aanze na swali la yule muuguzi.

Na wenzetu wa ng'ambo wanastahili vilevile. Ukiomba takwimu za wilaya jirani, nawe peleka zako bila kuombwa. Watafiti waje wakusanye sampuli na namba zetu, lakini matokeo yarudi Bukoba na Ngara kwa lugha inayosomeka, kabla au angalau pamoja na kuchapishwa kwake katika majarida ya mbali. Jumuiya ina Tume ya Utafiti wa Afya yenye makao Bujumbura na jarida lake lenyewe, na hiyo ni hatua ya maana. Jarida hata hivyo husomwa na watafiti. Bibi afya wa kata anahitaji ukurasa mmoja.

5. Namba ya simu iwe ya ofisi

Mawasiliano mazuri ya mpakani niliyoyakuta yalisimama juu ya urafiki wa watu wawili: bwana afya wa upande huu na mwenzake wa upande ule, waliokutana kikaoni wakabadilishana namba. Mmoja akihamishwa, mpaka unakuwa kiziwi. Nunueni simu na laini ya ofisi, namba ibandikwe ukutani pande zote mbili, na anayehama aikabidhi kwa maandishi kama anavyokabidhi funguo za stoo. Ni jambo dogo na halina mfadhili, lakini nimeliona likiokoa siku mbili nzima.

6. Sema unachokijua wakati bado hujajua yote

Machi 16, 2023 serikali ilitangaza kwamba wilayani Bukoba Vijijini kuna ugonjwa usiojulikana uliowapata watu wachache na kuua baadhi yao. Machi 21, Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, akatangaza kwamba maabara imethibitisha ni homa ya virusi vya Marburg, mara ya kwanza kwa ugonjwa huo nchini. Hadi mlipuko unatangazwa kwisha Juni 2, walikuwa wamepatikana wagonjwa 9, na 6 kati yao walifariki.

Siku zile tano kati ya matangazo mawili ndizo zilizonifundisha zaidi. Jina la ugonjwa halikujulikana, lakini dalili zilijulikana, mahali palijulikana, na ilijulikana kwamba kugusa majimaji ya mgonjwa au maiti ni hatari. Hayo yanatosha kumlinda muuguzi wa Mutukula, mpakani na Uganda, au wa Rakai. Tangazo la mapema lenye neno "usiojulikana" liliwafanya wengi waogope, ni kweli, lakini pia liliwafanya wavae glavu.

Linganisha na Januari 2025. Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba lina taarifa za washukiwa 9 wa Marburg mkoani Kagera, 8 kati yao wakiwa wamefariki. Siku iliyofuata wizara yetu ikasema sampuli za washukiwa zilizopimwa hazikuonyesha ugonjwa huo. Tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus, akatangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitishwa. Sisemi wizara ilidanganya. Sampuli hasi ni hasi, na maabara inahitaji muda. Ninachosema ni kwamba kwa siku tano mganga wa Ngara au wa Kirehe, Rwanda, alikuwa na kauli mbili mkononi na wagonjwa wa homa wakimsubiri kwenye benchi. Tangazo lingeweza kusema yote mawili kwa pamoja: vipimo vya kwanza ni hasi, uchunguzi unaendelea, na wakati unaendelea kila mwenye homa kali na kutokwa damu ashughulikiwe kana kwamba ni Marburg. Sentensi kama hiyo haimwaibishi mtu wala nchi.

Rwanda ilipopata Marburg, ikitangazwa Septemba 27, 2024, wizara yao ilitoa takwimu kila siku: waliopimwa, wapya, walio kwenye matibabu, waliopona, waliofariki. Wengi wa wagonjwa walikuwa wahudumu wa afya, jambo ambalo wizara nyingine ingeona aibu kulisema. Wao walilisema. Jumla walikuwa 66, na 15 walifariki, idadi ndogo kwa ugonjwa ambao mara nyingi huua nusu ya waupatao au zaidi. Sisi wa Kagera tuliziona namba zile kila jioni, na kila asubuhi tulijua la kumwambia ofisa wa mpaka wa Rusumo. Hakuna mkataba wa kanda uliotusaidia kuliko tabia ile ya kutangaza kila siku, hata siku ambayo hapakuwa na jipya.

7. Namba ndogo zina majina

Katika mlipuko wa wagonjwa elfu mbili, kuandika "mwanamke, miaka 34, mfanyabiashara wa dagaa, kijiji fulani" kunaweza kupita. Katika mlipuko wa wagonjwa tisa, ambao kadhaa ni wa familia moja, umeshamtaja. Kijiji kizima kinamjua, na watoto wake watatajwa kwa ugonjwa huo shuleni. Nilijifunza kushikilia kanuni ngumu: kadiri wagonjwa wanavyokuwa wachache, ndivyo maelezo yanayochapishwa yanavyopungua. Ng'ambo wanahitaji kujua njia aliyopita mgonjwa na tarehe, ili wawatafute waliokutana naye. Hayo yapelekwe kwa ofisa anayehusika, kwa simu ya ofisi. Taarifa inayosambazwa kwa wote itaje wilaya, na inatosha. Nimebishana na waandishi wa habari wazuri kuhusu hili, nami sijabadili msimamo. Familia iliyoanikwa haitamleta mgonjwa wa pili kituoni. Itamficha, na atakufa nyumbani mikononi mwa wanaompenda, nao wataambukizwa.

8. Tarehe ikae juu ya picha yenyewe

Tangazo hupigwa picha, hukatwa kichwa, hutumwa kwenye makundi ya WhatsApp, na mwaka unaofuata hurudi kama jipya. Andika siku, mwezi na mwaka katikati ya tangazo, kwa herufi kubwa, mahali pasipoweza kukatwa bila kuliharibu.

9. Mjue msomaji wako anakaa wapi na anaamka saa ngapi

Mgonjwa wa kwanza wa 2023 alikuwa ametoka kisiwa cha Goziba kabla ya kufika kijijini kwao. Ukitaka kuzungumza na watu wa visiwa vile kama Goziba na Bumbire, sahau saa za ofisi. Wavuvi wa dagaa hukesha ziwani kwa taa usiku wa giza, mchana wanalala. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawavuliki, na ndipo watu husafiri: kurudi nyumbani, kuhamia mwalo mwingine, kuvuka kwenda Uganda kuuza. Kwa hiyo kalenda yetu ya kutembelea mialo tuliipanga kwa mwezi. Siku mbili tatu kabla ya mbalamwezi, watu wakiwa bado kambini lakini wameanza kufunga mizigo, ndizo siku za kusema nao. Kipaza sauti cha mwenyekiti wa mwalo kilifanya kazi ambayo bango la rangi nne halikuifanya.

Barabarani msomaji ni dereva wa lori. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, madereva walikwama siku nyingi kwenye mipaka wakisubiri majibu ya vipimo, na wengine walipimwa upya kila nchi kwa sababu nchi moja haikukubali cheti cha nyingine. Jumuiya ikatengeneza mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia mizigo na madereva ili cheti cha nchi moja kionekane katika nchi nyingine. Huo ni uchapishaji wa habari za afya, ingawa hakuna aliyeuita hivyo. Nilipozungumza na madereva Mutukula, walichotaka kujua ni kitu kimoja: cheti hiki kinakubalika mpaka wapi, na hadi lini? Ofisi nyingi zilikuwa na kurasa kumi za mwongozo, na jibu hilo halikuwamo.

Na vijijini ni redio. Radio Kwizera ya Ngara, iliyoanzishwa 1995 kuwahudumia wakimbizi na wenyeji, inasikika mbali kuliko karatasi yoyote niliyowahi kuichapa. Mtangazaji anayeaminika apewe taarifa mapema kuliko wengine, apewe na daktari wa kumuuliza maswali hewani, na wasikilizaji wapige simu. Maswali yao yaandikwe yote. Kwetu yalikuwa yakionyesha tetesi zinavuma wapi kabla mratibu yeyote hajaripoti, na mara kadhaa tetesi hizo zilitufikisha kwa mgonjwa.

10. Tangazo la mwisho lisambazwe kwa nguvu ileile

Marburg na Ebola hutangazwa zimekwisha baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani mara mbili ya siku 21 ambazo ugonjwa unaweza kujificha mwilini kabla ya dalili. Siku ya kutangaza mlipuko, redio zote husema. Siku ya kutangaza umekwisha, habari hupita kama upepo, na ng'ambo wengi hawaisikii kabisa. Miezi baadaye nilikutana na wafanyabiashara wa ndizi walioniambia wateja wao wa mbali bado wanawauliza kama ugonjwa upo.

Kwa hiyo tangazo la mwisho tuliliandaa kwa uangalifu uleule wa la kwanza, kwa lugha zilezile, kupitia watu walewale. Lilieleza siku 42 zimehesabiwaje. Lilisema waliopona wamepona, na kwamba kukaa nao, kula nao na kuwaajiri hakuna hatari. Kwa kuwa virusi huweza kubaki katika shahawa kwa muda baada ya mtu kupona, wanaume waliopona walipewa ushauri wao faraghani na mhudumu wanayemwamini, si kwenye kipaza sauti. Liliwataja wahudumu waliofariki kazini kwa kazi zao, na kwa majina pale familia zilipokubali. Na lilitaja namba ya simu ya ofisi ya wilaya iliyo jirani, kwa ajili ya mgonjwa anayefuata.